Baba Alikuwa Anasali Wapi

Jumatatu, 6 Mei

Majoho ya kwaya kumi na nane. Kola sita bado. Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Hapa Nyakato viwanda vikianza kuuvuta, sisi wa cherehani tunabaki tunatazamana. Nikahamia kwenye cherehani ya miguu. Mwalimu wa kwaya anayataka kabla ya Pentekoste na ananipigia kila siku, utadhani mimi ndiye Roho Mtakatifu.

Saa nane akapiga Shangazi Veronika, dada yake baba, kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Ziwa limefika kwenye mwarobaini. Kutoka mwarobaini hadi kaburi la baba ni hatua kumi na mbili. Jana maji yalikuwa hatua kumi na nne. Anazihesabu kila asubuhi akitoka kuchota maji. Mwenyekiti wa kijiji amesema wenye makaburi kule chini wahamishe watu wao, kibali atakitafuta kwa bwana afya.

Sikumaliza kola.

Jumanne, 7 Mei

Kundi letu la WhatsApp limewaka moto tangu alfajiri.

Kaka Suleimani anataka sanda nyeupe, baba alazwe ubavu wa kuume aelekee kibla, kusiwe na jeneza wala matarumbeta. Anasema baba alikuwa Mwislamu, alimwona kwa macho yake akitawadha msikitini Kamanga. Suleimani alibatizwa Simoni. Alisilimu akiwa na miaka ishirini na hajawahi kunieleza kwa nini.

Ester, mdogo wetu, ni mke wa mchungaji. Anasema baba alikata roho akiwa ameokoka, watumishi wamemwekea mikono kichwani. Anataka ibada, nyimbo na saruji. Hataki kuona unga wala mbuzi pale.

Shangazi haandiki, anatuma sauti. Ametuma ya dakika nne. Kifupi: asiyeongea kwanza na Bituro mwenyewe, yaani baba, na wazee wake asishike jembe. Nyuma yake redio inasali rozari, naye anaitikia katikati ya maneno.

Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Nashona kanzu, majoho, alba za mapadre, hata shuka za waganga. Ester akaandika: Kabula anawashonea wote, basi aende akawaulize baba alikuwa wa nani. Alinipiga kijembe. Nikajibu nitakwenda.

Alhamisi, 9 Mei

Kivuko cha asubuhi hadi Kamanga, halafu bodaboda mpaka parokia ya zamani ambako baba alibatizwa. Maji yamekula nusu ya barabara ya ufukweni. Dereva aliinua miguu kama anayevuka mto.

Katekista ni kijana mpole, ana kikohozi. Akanitolea daftari la ubatizo. Petro Bituro, mtu mzima, kutoka Ukerewe. Nikafurahi. Nikasema kazi imekwisha, nimpelekee Suleimani picha tukalale.

Katekista akasema kuna na kitabu cha nia za misa, jina hilo analikumbuka. Akakifungua. Kila Novemba, mwaka hata mwaka: Petro Bituro, kumwombea Dafroza. Akafungua cha zamani zaidi, hivyo hivyo. Hakuna palipoandikwa marehemu. Dafroza tu.

Akaniuliza Dafroza ni nani. Nilikuja kuuliza, nikaulizwa mimi.

Nikapita kwa Shangazi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema Dafroza ni nani. Akasema ugali uko tayari, keti. Nikaketi, nikala.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefanya kosa kubwa.

Suleimani alikuja dukani kutoka Usagara, anakouza vipuri vya baiskeli. Akaleta marikani nyeupe, nzuri. Akasema shona sanda mapema, tusije tukakimbizana na maji. Ana kimo cha baba, mabega ya baba, hata kuinama kwake. Nikamwambia simama. Nikampima kuanzia utosini hadi kisiginoni, nikatia chaki. Kazi ya kawaida. Nampima mtu kila siku.

Alisimama kimya kuliko wateja wote niliowahi kuwapima. Nilipomaliza alikuwa analowa jasho. Nikamuuliza Dafroza ni nani. Akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Ester alikuwepo, amekuja kuchukua gauni. Akampigia Shangazi palepale. Ester huyu asiyeamini mambo ya mizimu. Shangazi akaomba simu niipokee mimi.

"We Kabula. Umempima kaka yako sanda? Mtu anayekula ugali?"

Nikasema nilitaka vipimo vya baba.

"Mifupa haina kimo. Kimo anacho huyo uliyempima. Na ziwa lenyewe liko mlangoni."

Huku kwetu hata mtoto anajua hilo. Sanda haipimwi kwa aliye hai, ni kumwitia kifo. Na mimi ni fundi. Nimeikunja ile nguo nimeiweka juu ya kabati, siwezi kuitazama. Naona aibu, na woga pia, ingawa sijui namwogopa nani.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani. Suleimani hapokei simu. Hatua tisa.

Jumanne, 14 Mei

Kamanga tena, kwa Mzee Salum. Familia yake imenunua na kuanika dagaa pale tangu zamani za baba zake. Nilimkuta barazani kwa mwanawe, macho yamefifia, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi. Shikamoo. Marahaba. Nikajitaja: binti wa Petro Bituro. Hamjui. Nikaeleza mtu mrefu, anainama akitembea. Akacheka. Kumbe Juma.

Walimwita Juma kwa kuwa alikuja kila Ijumaa. Alikuja mapema, akajaza birika za kutawadhia, akasimama nyuma ya safu. Siku ya hitima alileta sukari. Wakati mwingine alikuja na mtoto wa kiume, mdogo, asiyemwachia mkono.

Nikamuuliza kama alisilimu.

"Sikumuuliza, mwanangu. Alikuja na jina la binti yake, akaomba tulitie kwenye dua. Tukalitia."

Sikuhitaji kuuliza jina.

Nilimuuliza tu huyo binti alikuwa na nini. Mzee Salum akasema hakuambiwa. Alidhani ni mgonjwa. Miaka yote ile alimwombea apone.

Jumatano, 15 Mei

Nimekasirika. Acha niandike kabla haijapoa.

Baba alikuwa kinyonga. Petro kwa mapadre, Juma kwa Waislamu, ameokoka kwa Ester, na kwa Shangazi sijui alikuwa nani. Alituachia kila mtu kipande chake tugombane. Na alikuwa na binti ambaye sisi watoto wake hatukuambiwa, lakini wauza dagaa wanalijua jina lake. Mama naye amelala kwao Usagara na alinyamaza mpaka mwisho. Mama aliniambia mimi ni mtoto wa pili. Maneno yake haya, nayakumbuka vizuri.

Ester anasema ndiyo matokeo, mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia baba alishika nne. Hakucheka.

Hatua saba. Kibali kimetoka, ni cha Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 17 Mei

Melini kwenda Nansio. Baba alizaliwa Ukerewe na mimi sijawahi kufika. Saa tatu na zaidi za maji matupu. Nilidhani nitatapika, sikutapika. Kuna watawa wawili, kuku wengi, na mama mmoja wa Kiislamu ambaye nimetambua mshono wangu kwenye baibui lake. Sikumwambia.

Shangazi amenielekeza: ukoo wetu una jabali lake la tambiko ufukweni, muulize anayelitunza. Nikauliza ni mzee gani. Akasema si mzee, baba yake amekufa, sasa ni Makene.

Jumamosi, 18 Mei

Makene ni rika langu. Ana kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua, na funguo za jabali, kwa maneno yake, ingawa jabali halina mlango. Alifunga kibanda tukaenda.

Viatu unavua mbali kidogo. Unanawa mikono kwa maji ya ziwa, na uso. Mwanamke anafunika kichwa. Kuna kitambaa cheupe kimefungwa kwenye mti, kimechakaa, na kingine juu yake, na kingine. Pindo la kimoja nikalifahamu. Nilimshonea baba kikiwa kitambaa cha meza. Alisema ni cha nyumbani kwake.

Makene akanyunyiza unga wa uwele kidogo, akataja majina, langu akalitia mwishoni. Hakupiga kelele. Alisema kama anayempa jirani habari.

Halafu akanieleza, kwa kuwa alidhani najua. Dafroza alikuwa mtoto wa kwanza wa baba. Miaka kumi na miwili. Alikwenda ufukweni ng'ambo kuosha vyombo, na mdogo wake wa miaka mitano. Mawimbi yakachukua sufuria, akaifuata. Walitafuta siku saba. Ziwa halikumrudisha.

Kwa watu wa ziwa, asiyepatikana hazikwi hivihivi. Unakata mgomba wa kimo chake, unauvika sanda, unauzika, watu wanalia, matanga yanakwisha, maisha yanaendelea. Baba alikataa. Alisema mgomba si mwanawe. Basi hakukuwa na msiba. Na bila msiba hakuna aliyeruhusiwa kulia, wala kumtaja. Baba akawa anakuja hapa kila mwaka. Mwanzo alimwomba aliye ziwani amrudishe. Baadaye, Makene anasema, aliomba tu atunzwe vizuri.

Nimelia mbele ya mtu mwenye nyaya za simu shingoni. Alinisubiri nimalize.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Niko melini, majoho yangu kumi na nane yanaimba huko bila mimi.

Nimekaa nikijumlisha. Maji mlangoni pa kanisa, maji kwenye birika za Mzee Salum, maji pale jabalini. Viatu vinavyovuliwa msikitini na jabalini. Nguo nyeupe, hiyo nimeikata kwa mkono wangu kwa ajili ya wote na sikuwahi kujiuliza. Ningependa kuandika kwamba dini zote ni kitu kimoja. Sidhani. Padre na Makene wasingekubaliana hata juu ya jambo moja kabla ya chai. Lakini huenda zote zilianzia kwa mtu wa namna ya baba, aliyesimama mahali hana pa kumlilia mtu wake, akatafuta mlango. Baba aligonga kila mlango aliokuta. Jina lilikuwa lilelile. Si kinyonga. Naifuta ile ya Jumatano, ingawa sitaichana.

Mdogo wake wa miaka mitano ni Suleimani. Nimekuwa mpumbavu. Mimi ni mtoto wa tatu.

Jumatatu, 20 Mei

Usagara. Nilimkuta Suleimani ameinamia gurudumu. Nikasema, kaka, nimetoka Ukerewe. Akaendelea kukaza spoki. Akakaza mpaka moja ikakatika.

Alizungumza akitazama gurudumu. Sufuria ile aliisukuma yeye. Alikuwa anacheza, anataka kuona kama itaelea. Dafroza akamwambia kaa hapo usitoke. Akakaa. Akakaa mpaka jioni, watu walipokuja bado amekaa palepale. Baba hakumuuliza chochote, siku ile wala baadaye. Alimshika mkono tu, akawa anakwenda naye Kamanga kila Ijumaa. Msikitini ndiko alikoweza kusimama karibu na maji bila kutetemeka. Ndiyo sababu yake. Nimeisubiri zaidi ya miaka thelathini.

"Nataka baba atoke pale," akasema. "Limeshachukua mmoja. Lisimchukue na yeye."

Nilimwomba radhi kwa sanda. Akasema nilipompima alijua kabisa ni yake.

Jumatano, 22 Mei

Tumekutana kwa Shangazi. Sisi watatu, mara ya kwanza kuketi pamoja tangu msiba wa baba. Nikawasomea daftari hili, kutoka tarehe saba. Sikuacha kitu, hata kijembe cha Ester. Ester alifunika uso kwa kanga. Suleimani alitoka nje, akarudi, akatoka, akarudi.

Nilipofika mwisho, Shangazi akasema sasa mniulize mimi. Tukauliza nini. Akasema mmegombana wiki mbili Bituro azikwe vipi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini alizikwa pale.

Baba alipachagua mwenyewe. Wanakijiji walimwambia ziwa hupanda, wazee wao walishaliona likipanda, pale si mahali pa kaburi. Akasema anajua. Pale ndipo vyombo vilipokuwa vinaoshewa. Akamwapisha Shangazi asiseme mpaka aulizwe, kwa sababu akisema ni lazima ataje na jina.

Ester akafunua uso. Kwa hiyo tukimhamisha tunamtenga na Dafroza tena, akasema. Suleimani akasema hapana. Akasema hapana mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na ya mwisho hatukujua anamkatalia nani.

Ijumaa, 24 Mei

Suleimani amepiga saa kumi na moja alfajiri, baada ya sala. Maneno machache. Baba abaki. Lakini Dafroza aombolezwe. Akasema Uislamu unayo sala ya maiti asiyekuwepo, amemuuliza imamu, anaweza kuisali. Nikasema na mimi nimeandikisha misa. Akasema vizuri.

Mwenyekiti amekasirika. Bwana afya amekasirika zaidi, kibali kimeandikwa bure.

Hatua mbili.

Jumamosi, 25 Mei

Shangazi alikata mgomba asubuhi, wa kimo cha msichana wa miaka kumi na miwili. Nikashusha ile marikani kabatini juzi, nikaikata upya. Kutoka sanda ya mwanamume mrefu inatoka ya mtoto na kipande kinabaki. Vipimo vya Suleimani vimeishia kwenye vitambaa vya kufungia. Shangazi akasema hapo sawa.

Ester alikuwa amesema wazi: sisi hatuombei wafu, na mgomba sitaugusa. Nilimheshimu kwa hilo. Ana msimamo wake, na hakuja kwa shari.

Tulichimba pembeni ya kaburi la baba, upande wa juu tu, maji yakawa yanaingia shimoni kabla hatujamaliza. Suleimani akasali sala yake, amesimama peke yake, uso kaskazini ziwani, maana kibla huku iko upande huo. Maji yalifika kwenye vifundo vyake. Hakurudi nyuma. Mimi nikasali Baba Yetu na Salamu Maria, nikakosea katikati. Shangazi akanyunyiza unga akazungumza na Bituro kwa Kikerewe, kwa ukali, kama anayemgombeza kwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Ikabaki kuushusha. Suleimani mikono ilimkataa. Mimi peke yangu nisingeweza. Ester akavua viatu, akaingia majini na gauni lake, akaukumbatia ule mgomba kifuani.

"Ni mgomba tu," akasema. Akaubeba namna mtu anavyombeba aliyelala, mkono mmoja chini ya kichwa.

Halafu tukalia. Shangazi alianza, kwa sauti ile ya msiba, akalitaja jina kwa nguvu, na majirani wakaanza kutoka majumbani mwao. Wengine ni wazee wa rika la Shangazi. Nao walikuwa wakilisubiri, nadhani. Suleimani alilia akiwa amekaa chini kwenye matope, miguu ameinyoosha kama mtoto. Ester akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka chai ikaletwa.

Jumapili, 2 Juni

Mvua ndogo. Umeme upo. Sare za shule, marinda arobaini.

Shangazi amesema pale sasa ni ziwa tu. Alisema kwa sauti ya kawaida, akaendelea na habari za mihogo.

Jioni alikuja mteja mpya, anataka gauni la send-off ya binti yake. Mwongeaji. Nikimpima yeye anauliza, kabila gani, watoto wangapi, kwenu mmezaliwa wangapi.

Nikasema wanne.

Akauliza kama wote tuko Mwanza. Nikasema mmoja Usagara, mimi na mdogo wangu tuko hapa mjini, mkubwa wetu yuko ng'ambo na baba. Akasema ndiyo vizuri, wazazi wanahitaji mtu karibu. Nikaandika kiuno, nikamwomba ainue mkono.